Nge wa Mafuta ya Ganda

Kitu cha kwanza kuniunguza maishani hakikuwa moto, kilikuwa korosho. Nilikuwa sijaanza hata chekechea. Niliokota korosho mbichi chini ya mkorosho wetu, nikaing'ata pamoja na ganda lake. Midomo ilivimba mpaka bibi akasema nimefanana na samaki chewa. "Mke mwenzangu," akaniambia, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake na wa kiume ndiye mume wao, "kwa sura hiyo mume utaniachia mwenyewe." Halafu akanipaka mafuta ya nazi, akanizaba kofi la mgongo ili somo likae, na kwa siku kadhaa nikanywa uji kwa pembe moja ya mdomo kama mlevi.

Watu wa mjini wanaijua korosho ikiwa imeshaogeshwa, nyeupe, ina chumvi, imekaa kwenye pakiti kwa adabu. Sisi tunaijua ikiwa na hasira zake. Ganda lake lina kuta mbili, na katikati ya kuta hizo kuna mafuta meusi, mazito, yananata kama asali na yanauma kama siafu. Ukiitia motoni inapigana. Bibi anakaanga nyuma ya nyumba kwenye bati lililotobolewa matundu, na zikishapata joto zinaanza kutema. Paa! Cheche. Paa! Mafuta. Moshi mweusi unakukaba koo, na bati zima linashika moto mpaka ulipindue mchangani uzifukie. Bibi ana makovu mikono yote miwili hadi kwenye viwiko. Mama anayo kwenye miguu. Mimi ninalo moja chini ya kidevu, na shuleni nawaambia wageni kwamba niliponyoka mdomoni mwa mamba wa Rufiji. Wanaotoka mbali wanaamini, hata daftari wananibebea.

Mafuta yanayochuruzika chini ya bati bibi huyakinga kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo hilo ndilo zahanati yake. Nguzo za nyumba zinapakwa, mchwa wanahama. Mafundi wa bandari ya Nyamisati wanayaomba ya kupaka mbao za mitumbwi. Mtoto mwenye mapunye kichwani anapakwa kidogo sana, yakiwa yamezimuliwa kwa mafuta ya nazi mengi sana, anapiga mayowe, wiki mbili baadaye nywele zinaota. Wenye magaga miguuni wanaletwa mmoja mmoja. Mabibi harusi wengi wa kijiji chetu wameingia ndani na visigino laini alivyovichubua bibi yangu. Ila siku alipokuja jirani mmoja kuomba ya kutoa madoa usoni, bibi alimkimbiza na mwiko hadi barabarani. "Uso si kisigino!" alikuwa anapiga kelele nyuma yake. "Uso si kisigino, we mwanamke!"

Kazi yake kubwa ni chunjua. Mtu akija na chunjua, bibi anaizungushia kwanza ukuta wa mafuta ya nazi na majivu, ili ngozi nzima isiguswe, halafu anachovya mwiba wa mlimao kwenye mafuta ya ganda na kuuweka juu ya kichwa cha chunjua, tone moja. Haongei akifanya hivyo. Ukimsemesha anakupiga teke bila kuinua macho. Siku zikipita chunjua inakuwa nyeusi, inakauka, inadondoka. Mimi nimejifunza kwa kupigwa mateke.

Sasa kaka yangu.

Kaka amenizidi umri kwa kutosha kunipiga na si kwa kutosha kunifanya nimheshimu. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Nyamisati kubeba boriti za mikoko, kazi ya kupandisha miti kutoka matopeni hadi kwenye lori, bega moja mpaka lichubuke, halafu la pili. Alirudi nyumbani kila Ijumaa akiwa ananuka tope na akiwa tayari kugombana. Aligombana na wapakiaji, na madereva wa bodaboda, na mbuzi wa jirani. Mlango wa chumba chetu una tundu la ngumi yake. Mama alisema mwanawe ana moyo wa kazi. Bibi alisema mume wake ana moyo wa nyati. Mimi nilisema apelekwe jeshini, angalau kule wanalipwa kupigana, nyumbani alikuwa anafanya bure.

Na yeye alitaka jeshi. Hakutaka kingine. Alikuwa anaamka alfajiri kukimbia barabara ya lami hadi kijiji cha pili na kurudi, na huyo ni mtu ambaye kuamshwa kwa ajili ya swala kunahitaji watu na kamba. Bega lake lilikuwa limeanza kuinama upande. Kuna wazee Nyamisati walioanza kubeba boriti wakiwa na umri wake, na wanatembea kama wanatafuta kitu kilichodondoka. Aliwaona kila siku. Alishawahi kuniambia, mara moja tu na bila utani, "Mimi sitaki kuzeeka nikiangalia vidole vyangu vya miguu."

Kilichomzuia ni nge.

Hapa lazima nieleze mchezo wa wavulana wa kwetu. Msimu wa korosho, wakiwa darasa la sita au la saba, wanapasua korosho mbichi kwa jiwe, wanachovya kijiti kwenye ganda, wanachorana mikononi. Siku ya kwanza huoni kitu. Siku ya pili linatoka lengelenge lenye umbo la mchoro, siku za mbele kigaga cheusi, na kigaga kikibanduka mchoro umebaki miaka na miaka. Wengine wanachora herufi ya msichana, halafu wanamwacha msichana na herufi inabaki. Kaka alichorwa nge kwenye mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Aliyemchora alikuwa anamjua nge vizuri, ila mafuta yalichuruzika, mkia ukajikunja, miguu ikazidi. Ikatoka kamba. Kamba yule yule wa kwenye delta, wa kutia kwenye wali. Mtu yeyote aliyesema "kamba" mbele ya kaka alikula ngumi, hata mvuvi anayeuza kamba.

Kwenye usaili hawataki mchoro mwilini. Mwaka uliopita alifika mpaka kwenye mstari wa kukaguliwa ngozi, mkaguzi akamgusa mkono kwa kalamu, akasema, "Wewe na samaki wako, toka." Kijana mmoja mstarini akacheka. Kaka alimvunja jino papo hapo, na ilibidi akimbie hadi stendi akiwa na bukta tu. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, umri ulikuwa unamkaba. Tangazo lilipobandikwa kwenye ofisi ya kata, usaili mwezi unaofuata, Kibiti, alirudi nyumbani amenyamaza. Kaka akinyamaza ujue ana wazo, na wazo la kaka ni jambo la kuogopwa.

"Bibi," alisema jioni ile, tukiwa tunabangua korosho. "Si unatoa chunjua wewe?"

"Natoa, mume wangu."

"Nitolee huyu." Akakunja mkono wa shati.

Bibi alimtazama yule nge, akatikisa kichwa. "Chunjua ni kidogo, ina kichwa, ina mwisho. Huyo mnyama ana mwili mzima. Nikimla yeye nitakula na mkono."

"Si mafuta yale yale yaliyomchora? Basi yamfute."

"Yanachora kwa kuunguza. Utafuta moto kwa moto?"

"Ndiyo!" kaka akasema, akapiga teke sufuria. Ikaruka ikampata paka. Bibi akamtupia kibanguzi, kile chuma cha kupasulia korosho, kikapita sikioni. Hayo kwetu ni maongezi ya kawaida.

Jumatatu iliyofuata bibi alipata msiba ng'ambo ya daraja la Ndundu, akaenda kuzika. Mama alikuwa barabarani na beseni lake la korosho, anauzia abiria wa mabasi ya kusini. Nimetoka shule nakuta kaka hajaenda Nyamisati. Amekaa barazani, kifua wazi, mbele yake rundo la korosho mbichi, jiwe, majivu, na chupa ya mafuta ya nazi.

"Njoo, daktari," akasema.

"Sitaki."

"Umemwangalia bibi tangu mdogo. Unajua."

"Najua chunjua. Kamba sijasomea."

Sikuiona ngumi ikija. Ilinipata begani nikakaa chini. Nikachukua mwiko nikampiga nao kwenye goti, akashika goti, tukatukanana matusi ambayo siwezi kuandika hapa kwa sababu mwalimu wa Kiswahili atasoma. Tulipochoka tukakaa tunahema. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "We mtoto, wakinitoa tena mwaka huu nitabeba boriti mpaka nife." Jasho lilikuwa linamtoka puani. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nataka sana aende. Nilikuwa nataka mlango usio na tundu. Nikanawa mikono kwa majivu na mafuta ya nazi, nikavuta kigoda.

"Tunatumia ya kopo," nikasema.

"Ya kopo yamepikwa, yamechoka. Mabichi ndiyo yenye nguvu."

Hilo ni kweli. Bibi mwenyewe husema moto unayapunguza ukali, na ndiyo maana kwenye ngozi ya mtu hatumii mabichi hata siku moja. Nilimwambia. Akasema bibi ni mwoga wa kizamani. Nikamzungushia nge ukuta wa mafuta ya nazi na majivu, vizuri, kama nilivyoona. Nikapasua korosho, nikaanza kumfuata nge kwa ubavu wa ganda, mkia, mgongo, mikasi. Kaka alikuwa ameuma shati kwa meno, macho ameyafumba, anangoja mauti. Mauti hayakuja. Akatema shati.

"Mbona sisikii kitu? Unanipaka soda?"

"Yanachelewa. Ngoja."

"Ongeza."

"Kaka, hayaumi kwanza, yanauma baadaye."

"Ongeza, acha kuzingua!"

Niliongeza. Akasema ongeza. Niliongeza tena, na safari hiyo kwa hasira, maana bega langu lilikuwa bado linawaka pale aliponipiga. Ukuta wa majivu ulianza kubomoka kwa jasho, mafuta yakachungulia nje. Nilipotaka kuujenga upya akanisukuma, akasema yatosha, anasinzia, alfajiri alikimbia mbali. Akajilaza kwenye mkeka pale pale barazani.

Kaka tangu utotoni analala kwa ubavu, mkono wa kulia chini ya shavu. Nimemwona akilala hivyo maisha yangu yote. Nikaenda kuchota maji na sikuliwaza hilo hata kidogo.

Jua lilikuwa limeinama niliposikia sauti. Hakulia kama mtu. Alibweka. Nikatupa ndoo nikakimbia, nikamkuta ameinama kwenye pipa la maji anajimwagia, mkononi ana kipande cha sabuni na dodoki, anajisugua kama anasugua sufuria lililoungua.

"Usioge!" nikapiga kelele. "Maji yanayatembeza! Mafuta ya nazi! Mafuta ya nazi kwanza!"

Alinirushia kata ya kuchotea maji. Alikuwa ameshachelewa, kwa wingi wa mafuta lengelenge halikungoja siku ya pili, na ngozi yake ilikuwa imetoka na dodoki, inaning'inia kama karatasi iliyolowa, na chini yake nyama nyekundu inang'aa. Nge hakuwepo tena, hilo niliona. Halafu akanigeukia na nikaona alikokwenda. Alikuwa shavuni. Shavu la kulia limevimba, na katikati ya uvimbe, kichwa chini miguu juu, mkia ukielekea kwenye jicho, alikuwepo yule yule nge, mwekundu, mbichi, amezaliwa upya. Jicho lenyewe lilikuwa limefumba, kope imevimba kama andazi.

Alinikamata shingo akanibana ukutani. Miguu yangu iliacha ardhi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilikuwa nakabwa, naona nyota, pumzi hakuna, na nacheka kwa sababu safari hii nge hakutoka kamba. Alitoka nge kweli. Kaka akauliza nacheka nini, akazidisha kukaba, nikazidi kucheka bila sauti, mpaka nilipoanza kuona giza nikamuuma mkono ule mzima kwa nguvu zangu zote. Nilisikia ladha ya damu na tope la Nyamisati. Akaniachia. Mama alikuwa ameshafika. Alimpiga kaka kwa beseni la korosho kichwani, korosho zikatapakaa uani, akanigeukia akanipiga mimi kwa upande wa pili wa beseni. Ndipo akamwangalia mwanawe vizuri usoni, na beseni likamdondoka.

"Nani?" akasema.

Kaka akanionyesha kidole. Nami nikamwonyesha yeye.

Mama alikwenda chumbani kwa bibi, akarudi na kopo lake, lile la maziwa, limejaa. "Haya mafuta leo yanakwisha ndani ya nyumba hii," akasema, akalitupa zima kwenye jiko nililokuwa nimeliwasha kwa chakula cha jioni. Ninaamini mama anaijua korosho kuliko mimi, lakini hasira haikumbuki. Moto ulisimama kama mtu. Ukagusa makuti ya banda la jiko, makuti yakasema haya, na kufumba na kufumbua tulikuwa tunapigana na moto wote watatu, kaka kwa mkono mmoja na jicho moja, mama kwa kanga yake, mimi kwa mchanga. Majirani walikuja na ndoo. Banda lilianguka. Katika moshi ule mweusi bibi alitokea barabarani, anarudi mazikoni, kafungasha sahani ya pilau, akasimama anatazama mahali lilipokuwa jiko lake.

"Nyie," alisema. "Nimezika mmoja leo. Mmebaki wangapi?"

Alipomwona kaka, hakuwa na utani tena. Alimlaza chini, akamkalia tumbo ili asifurukute, akamfuta kwa pamba iliyochovywa mafuta ya nazi, kidogo kidogo, akianzia kwenye kope, anafuta anatupa pamba, anafuta anatupa, mafuta yakiyatoa mafuta. Baadaye tu ndipo alipotumia sabuni na maji. Kaka alikuwa anang'ata kanga ya mama. "Tulia, mume wangu," bibi alikuwa anasema, "tulia, jicho hilo nalitaka." Na kila alipofikia sehemu mbaya alinitupia mimi kibuyu, ndala, chochote kilichokuwa karibu. Nilikuwa sikwepi. Ilikuwa rahisi zaidi.

Zahanati walitaka watu wanne wa kumshika. Tabibu alikuwa kijana, ana mkasi mdogo, na alikuwa anakata ngozi iliyokufa huku anauliza maswali, ufundi wa kumfanya mgonjwa asahau, isipokuwa kaka hakusahau, alimpiga tabibu teke la kifua. Tabibu akavaa miwani yake upya akaendelea.

"Daktari gani aliyefanya kazi hii?" aliuliza.

"Mimi," nikasema.

"Umesomea wapi?"

"Kidato cha tatu, mkondo wa sayansi."

Alicheka mpaka akasimamisha mkasi. Kaka akatukana. Halafu tabibu akatueleza, kwa upole kuliko tulivyostahili, kwamba ndani ya ganda mna tindikali ya mafuta, ndiyo inayokula chunjua na kuua wadudu wa mapunye, na ndiyo inayowafukuza mchwa. Haichagui. Ikikuta ngozi nzima inaila hiyo. Bibi, aliyekuwa amekaa pembeni na kanga yake kichwani, akasema, "Ndiyo maana nina mwiba, na hawa wana ujinga." Tabibu akamjibu kwamba hata mwiba wake haupendi, chunjua aje nazo zahanati. Bibi akamwuliza kama zahanati wana dawa ya chunjua wiki hii. Tabibu akaendelea kukata.

"Mkono utapona na kovu," alisema mwishoni. "Shavu limeungua juu juu, litarudi. Jicho sijui. Uvimbe wa kope ukishuka, tutaona kama mafuta yaliingia ndani."

Kaka akauliza, "Usaili ni mwezi ujao. Wanapima macho?"

"Wanapima kila kitu."

Siku zile nyumba yetu ilikuwa na adabu ya kutisha. Kaka alikaa ndani, mkono umefungwa bendeji, uso unang'aa dawa, hakai karibu na mtu. Kila asubuhi alifunika jicho zima kwa kiganja, akaniambia simama mlangoni, onyesha vidole.

"Vingapi?" anauliza yeye mwenyewe.

"Unaniuliza mimi au nakuuliza wewe?"

"Onyesha vidole, we mbwa!"

Mwanzoni hakuona mkono wenyewe. Baadaye aliona mkono bila vidole. Nilionyesha kidole kimoja tu cha katikati, kwa muda mrefu, nikingoja. Asubuhi aliyokiona alinirushia kiatu na kikanipata usoni sawasawa. Nilitoka damu puani nikakimbia nje nampigia mama kelele, "Anaona! Mama, anaona, amenilenga!" Mama alikaa chini mchangani akalia. Bibi alisema alhamdulillahi, akaokota kile kiatu akanipiga nacho kwa ajili ya kidole.

Siku ya usaili nilitoroka shule. Nilimwambia mwalimu wa zamu kwamba bibi yangu amefariki, bibi huyo huyo niliyempita asubuhi anakaanga korosho kwenye jiko jipya. Uwanja pale Kibiti umezungushiwa seng'enge, na nje ya seng'enge tulikuwa tumejazana, mama za watu, wauza maji, waendesha bodaboda waliopandisha miguu kwenye usukani. Ndani, vijana kwenye mistari, bukta tu, kwenye jua lile la kupasua kichwa. Walishakimbia. Walishasoma herufi kwa jicho moja moja, na kaka alipita hapo, nilimwona akirudi mstarini ameng'ata mdomo asitabasamu. Ulibaki ukaguzi wa ngozi.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene mwenye fimbo fupi kwapani. Alifika kwa kaka akasimama. Shavuni kulikuwa kumebaki kivuli cha kahawia, ukikijua ndiyo unaona nge, usipokijua ni doa. Mkononi kulikuwa na kovu, rangi ya ndani ya mdomo, kubwa kama kiganja, linang'aa kwa jua. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Hii nini?"

"Nimeungua, afande."

"Na nini?"

"Mafuta ya korosho, afande."

Mkaguzi akaligusa kovu kwa fimbo, akainama, akalitazama kwa pembeni kama mtu anayetafuta senti kwenye tope. Nilishika seng'enge mpaka mwiba ukaingia kiganjani. "Nani kakuunguza?"

Kaka angeweza kusema lolote. Angesema bati lilipasuka. Lakini kaka yangu hajui kudanganya, ana ngumi, hakuhitaji kujifunza.

"Mdogo wangu, afande. Wa kike."

Mstari mzima ulicheka. Hata mkaguzi tumbo lilitikisika. Na kijana mmoja nyuma ya kaka, mrefu, bukta ya kijani, akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Anapigwa na dada yake, huyu!"

Niliona mabega ya kaka yakipanda. Nayajua mabega yale. Yakipanda hivyo kinachofuata ni jino la mtu mchangani. Nilijua kwamba akigeuka tu basi, hakuna jeshi, hakuna mwaka mwingine, kuna boriti. Ngumi ya kulia ilikuwa imeshafungwa, kovu limevutika.

Nikapanda seng'enge. Sketi ya shule ikachanika, sikujali.

"We bukta ya kijani!" nikapayuka. "Dada yake ni mimi! Njoo nikupake na wewe! Yeye alivumilia mpaka jua likazama, wewe na vijiti hivyo vya miguu ungejikojolea nikifungua kopo tu!"

Watu wa nje ya seng'enge wakalipuka. Mwendesha bodaboda mmoja akapiga honi. Mtu akasema, "Mchizi, njoo upakwe!" na mstari ukamgeukia bukta ya kijani, kila mmoja akimwangalia miguu, na ni kweli alikuwa na miguu ya korongo, maskini, akawa anajaribu kuificha mmoja nyuma ya mwingine. Mkaguzi alikuwa anafuta machozi. Askari wa lango hakucheka. Alikuja akanichapa fimbo kwenye mapaja pale pale nilipokuwa nimening'inia, mara nyingi, kwa mpangilio, na kila fimbo nilitaja jina la chama cha haki za watoto ambalo nililitunga hapo hapo.

Nilipodondoka na kutazama tena, ngumi ya kaka ilikuwa wazi.

Mkaguzi akamgonga begani kwa fimbo. "Kovu si mchoro," akasema. "Pita kule."

Kule kulikuwa upande wa pili wa uwanja, wanakokalishwa chini waliopita, wanangoja lori. Kaka alitembea hadi pale akakaa juani na wenzake. Nilizunguka nje ya seng'enge nachechemea, mapaja yanawaka, mpaka nikawa mbele yake. Hakunipungia mkono. Aliangalia huku na huku kama afande anamwona, akaokota kokoto, akanirushia. Lilinipata kwenye mfupa wa mguu, mahali panapouma kuliko pote.

Nililiokota, nikalenga sikio lake.